Kinundu cha Mpini

Fundi viatu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kutaka kujua. Mteja akimletea kiatu, kabla hajauliza kimeharibika wapi, alikigeuza kwanza akaitazama soli. Kisigino kilichoisha upande mmoja kilimwambia jambo, ncha iliyokwanguka ilimwambia jingine, na mara nyingi alimshangaza mwenye kiatu kwa kumuuliza goti linamuuma tangu lini. Majirani walisema angekuwa mwanamume angeajiriwa upelelezi. Yeye aliwajibu kwamba wapelelezi wanawake wapo tele, ila hawajitangazi.

Kwa hiyo kaka yake alipomletea kisu cha kuwindia cha marehemu baba yao, ili akishonee ala mpya, alikuwa amemkabidhi fisi bucha.

Kaka alikuwa dereva wa lori, mtu mpole, mwenye mikono mipana kama ya baba yao. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amepata kibali cha kuwinda, na Jumamosi angeondoka na wenzake. Kisu kilikuwa kimening'inia ukutani sebuleni kwa mama tangu mazishi. Kaka alikitungua mbele ya mama huyo huyo, akasema kwamba mtoto wa kwanza wa kiume ndiye wa kukibeba. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

Fundi aliumia, na tusifichane, aliumia sana. Utotoni alikililia kisu kile kuliko mwanasesere yeyote. Baba alikuwa akimwambia, "Hiki si cha kuchezea," na kila aliposema hivyo alimtupia mama jicho. Lakini kugombana na kaka yake kwa ajili ya kipande cha chuma aliona ni aibu. Akaamua jambo jingine. Kama kisu cha baba hakipati, atatengeneza cha kwake, pacha wake kabisa, ili walau ajue mkono wa baba ulikuwa unashika nini.

"Niachie mpaka Ijumaa, kaka. Ala nzuri haitaki papara."

"Ala tu, dada. Nisije nikakuta umekifanyia upasuaji."

Mlango ulipofungwa, akawasha taa ya mezani na kuanza upasuaji. Karibu na mpini, chini ya kutu, aliona vimistari vya mshazari vilivyokaribia kufutika. Alivijua mara moja, kwa sababu hata yeye ana tupa kazini. Yalikuwa meno ya tupa. Kisu hiki hakikununuliwa dukani. Kuna mtu alichukua tupa kuukuu akakifua nyumbani. Fundi akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka. Baba yao, Mungu amrehemu, alishindwa hata kupigilia msumari wa kutundikia picha.

Alitafuta tupa yake iliyochoka, akaichoma katika jiko la mkaa nyuma ya kibanda mpaka ikawa nyekundu, akaifukia kwenye majivu ipoe polepole, kwa sababu chuma cha tupa kikiwa kigumu hakikubali kuchongwa. Kesho yake akakifunga kwenye jiliwa, kibano cha mezani, kwa mchomeleaji wa jirani na kuanza kukisugua kufuata umbo la kile cha zamani. Mchomeleaji alimtobolea matundu ya ribiti za kufungia mpini, akamuuliza anataka kumuua nani. "Mwenye maswali mengi," Fundi akajibu.

Kilipokwisha kupata umbo, alikirudisha motoni mpaka sumaku ikakataa kukishika, akakizamisha kwenye mafuta. Sasa kilikuwa kigumu, lakini ugumu wa kioo; kingeanguka kingevunjika. Akakipeleka jikoni kwa mama na kukiweka kwenye oveni kipunguze ugumu. Alikuwa amechuchumaa akikichungulia, mama akapita na sufuria mkononi.

"Kitoe sasa hivi," mama akasema. "Kimefika rangi ya majani makavu. Ukingoja kiwe buluu kitakuwa laini."

Fundi akakitoa mbio, akachoma kidole, akakimbilia bomba la maji. Yeye anayeuliza kila kitu, siku hiyo hakuuliza.

Ukabaki mpini, na hapo ndipo kazi ilipomchezea. Mpini wa zamani ulikuwa umelika kwa kushikwa, kama soli inavyolika. Kidole cha shahada kilikuwa na shimo lake, cha kati lake, cha mwisho lake. Lakini palipostahili kukaa kidole cha pete mbao haikulika hata kidogo; palibaki kinundu. Fundi alichonga mbao mbili, akazipiga ribiti, akasugua kwa msasa akifuata kila shimo, na kinundu hakukisahau. Alipomaliza, hata yeye alihitaji kutazama kutu ili ajue kipi ni kipi.

Akakishika. Kinundu kikamchoma chini ya kidole. Akashika cha zamani, nacho kikamchoma pale pale. Tena mashimo yale yalikaribiana mno. Mkono mpana wa baba usingeenea humo hata kwa kulazimisha. Fundi alikaa na visu viwili mapajani, akahisi msisimko ule anaousikia kiatu kinapomletea tabia asiyoijua. Basi mkono huu ulikuwa wa nani?

Ijumaa jioni walikutana kwa mama kula. Kaka alisifia ala, akavishika visu vyote viwili, akakunja uso.

"Vyote vinanichoma hapa. Mzee alikuwa jasiri kweli."

 Fundi alikuwa anamtazama mama, aliyeketi kwenye kigoda akimenya viazi kwa kisu cha jikoni kisicho na makali. Vidole vyake vilikuwa vimekunjwa, isipokuwa kimoja. Kidole cha pete kilisimama wima, kigumu, hakikunjiki. Fundi alikuwa amekiona kidole hicho tangu azaliwe. Soli za mtaa mzima alizisoma, lakini mkono wa mama yake hakuwahi kuusoma.

Akamwondolea mama kisu cha jikoni mkononi, taratibu, akamwekea kile cha kuwindia. Vidole vikaingia mahali pao bila kutafuta, na kidole kigumu kikalala juu ya kinundu. Mama akaendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, halikukatika.

"Mama, hiki kisu ni cha nani?"

"Afadhali," mama akasema. "Nangoja mtu aniulize tangu msibani."

Kaka akakaribia. "Lakini mwindaji alikuwa baba."

"Baba yenu alikuwa na shabaha, hilo msimnyang'anye. Ila damu ikitoka tu, yeye chini. Nilikuwa namwagia maji yeye kwanza, ndipo nimchune mnyama."

"Sisi tulijua unafuatana naye porini kumpikia," Fundi akasema.

"Nilipika pia. Na kisu nilikitengeneza mwenyewe, enzi nanoa misumeno kule kiwanda cha mbao. Msumeno mmoja ndio ulionivunja hiki kidole."

"Si ulikuwa unachemsha chai kule?" kaka akauliza.

"Nani alikwambia?"

Kaka alifikiri, akakuta hakuna aliyemwambia. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ilikuwa imekaa jikoni miaka yote hiyo bila mtu kuiuliza.

"Na zile sifa zote?" Fundi akauliza. "Hukuona uchungu?"

"Yeye alipenda sifa, mimi nilipenda nyama. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama." Mama akageuza kiazi mkononi. "Uchungu niliuona siku kisu kilipotunguliwa ukutani."

Kaka akainama. Alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilichelewa kufika. "Basi tuyamalize, mama. Huu urithi ni wangu au wa dada?"

"Urithi?" Mama akaweka kiazi chini. "Kwani mimi nimekufa?"

 Fundi alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni, maana naye alikuwa amelilia mali ya mtu aliye hai. Mama akachukua kisu kipya, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza mlio.

"Chuma umekipatia. Mpini umeukosea."

"Nimefuata wako kila kitu."

"Ndilo kosa lenyewe. Umechonga kidole changu kibovu. Kitoe hicho kinundu, halafu ukitumie tu. Mengine mkono wako utajichongea."

Akakifuta kisu chake, akakitia kwenye ala mpya, akaiweka mapajani. Kaka alikitazama kinavyokwenda.

"Sasa mimi kesho nitachunia nini?"

"Mnaondoka saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Basi mtupitie. Mimi na dada yako." Mama akarudia viazi vyake. "Wewe damu unaiweza?"

Hilo kaka hakuwahi kujiuliza. Alivuta kiti akakaa polepole, na Fundi akaenda kutafuta msasa.