Fito za Barafu

"Zing'oe fito leo, Issát. Usingoje kesho."

Inggá alikuwa amesimama mlangoni kwangu, viatu vimelowa hadi vifundoni. Mimi nilikuwa na birika mkononi na watu sita mezani. Nikamjibu jirani yangu kwamba barafu ya mto Deatnu haijapata kuyeyuka kwa kelele za mwanamke. Watu wakacheka. Yeye akaendelea: maji yameshapanda juu ya barafu kandokando ya ukingo, huko milimani theluji inayeyuka na kushuka yote kwa mpigo, na mumewe Lemet anarudi leo kutoka ng'ambo ya mto, alikowapeleka kulungu wake wa kufugwa, wale majike, wakazae.

"Akizikosa fito atazunguka darajani," nikasema. "Kilomita sitini. Halafu atakuja kunitukana mimi."

"Na akizikuta?"

"Atakuja kunywa kahawa."

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nyumba yangu ndiyo iliyokuwa redio ya kijiji. Siku hizi nina sitini na moja, na bado nayasikia majibu yangu yale, jinsi yalivyotoka upesi na kwa raha.

Fito zilikuwa zangu. Kila Desemba nilizichomeka mimi kwenye barafu, kama baba alivyofanya kabla yangu, kutoka ukingo hadi ukingo, kuonyesha njia salama ya kuvukia, na aliyezichomeka ndiye aliyezing'oa. Mwingine hakuzigusa, ilikuwa sawa na kuingiza mkono katika sufuria ya mtu. Zikiwa zimesimama, hakuna aliyeuliza barafu ina unene gani. Hata mlevi kwenye ukungu alizifuata, kama mtu anavyopapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Zikiondolewa, mto umefungwa.

Nikamwahidi Inggá kikombe kimoja tu, kisha nateremka. Akaondoka bila kuaga. Lakini mmoja wa wageni alikuwa katikati ya kisa cha mchungaji wa kanisa na mbwa wa mjane wa kule juu, na kisa kile kilikuwa na mkia mrefu. Nikamimina cha pili.

Tukaisikia pikipiki ya theluji ikija kutoka ng'ambo. Mtu akasema huyo ni Lemet, ongeza maji kwenye birika. Nikaongeza. Injini haikukohoa wala haikupunguza mwendo. Ilikatika, kama sauti ya mtu aliyezibwa mdomo.

Tulipofika ukingoni, fito za upande wetu zilikuwa zimenyooka vizuri. Za katikati hazikuwepo. Palikuwa na maji meusi, na glavu moja ikizungukazunguka pale bila haraka. Jioni ile barafu yote ikapasuka. Mto ukafura, ukabeba mapande mapana kama mazizi, na juu ya mapande hayo fito zangu zikaenda zake, bado zimesimama.

Siku ishirini na tatu maji yalikataa kushuka. Yaliposhuka, Lemet alikutwa mbali huko chini, kwenye mchanga, na sisi watu saba tukambeba.

Mimi ninayejua neno linavyotembea kutoka jiko hadi jiko, nikangoja jina langu lianze safari. Halikuanza. Wale sita walinyamaza kwa sababu nao walikuwa na vikombe mikononi. Inggá alinyamaza, na sababu yake sikuijua. Nyumbani kwangu watu wakaacha kuja, hakuna aliyesema kwa nini, na viti vikawa vingi mno.

Majani yalipoanza kugeuka rangi nikaenda kwake. Nikasimama nje ya mlango na kusema nililokuja kusema: kosa ni langu, sema utakavyo, mwambie yeyote.

Alikuwa anapangusa mikono kwenye aproni.

"Nilipotoka kwako siku ile nilipita mtoni," akasema. "Niliushika ufito wa kwanza. Niliushika kabisa, Issát. Nikafikiri, watasema Inggá amegusa fito za mwenzake. Nikauachia."

Nyuma yake watoto walikuwa wakiburuta viti, na mvuke wa nyama ya kulungu na viazi ulitoka mpaka pale niliposimama.

"Sijakusamehe, usije ukafikiri hivyo," akasema. Kisha akasogea pembeni ya mlango. "Vua viatu. Ingia ule."