Maji Mara Saba

Kama kuna binti aliyewahi kupokewa kwao kwa beseni la maji na bonge la udongo, basi ni Nasreen. Alishuka basi kwao Nkwenda na begi lake, akamwamkia mama yake, Mwanamisi, na kabla hajavuka kizingiti mama alishamsimamisha uani.

"Marahaba. Hao nguruwe bado unawashika?"

"Ngozi tu, mama. Tena kwa glavu, na huko Dar nilishanawa."

"Glavu hazina dini. Lete mikono."

Nasreen akacheka. Bibi zake walitoka Tanga, na desturi za nyumba hiyo hazikubadilika: aliyegusa nguruwe hunawa mara saba, moja kwa udongo. Na kazi yake ya maabara ndiyo hiyo hiyo. Hutandika kipande cha nguo juu ya ngozi ya nguruwe, kwa kuwa inakaribiana na ya binadamu, akaimulika kwa taa kali inayowaka na kuzimika kabla hujapepesa jicho, ajue nguo ipi inaokoa na ipi inaunguza.

Kazi hiyo aliichagua kwa ajili ya baba yake, Zubeiri. Ijumaa moja, miaka minane iliyopita, swichi kubwa ya umeme dukani kwake ilimlipukia kwa mwali mmoja. Alikuwa na shati la mistari, na kifua kikaungua mistari: penye mstari mweusi kovu, penye mweupe ngozi nzima. Mwenyewe alijiita pundamilia, mtaa ukacheka. Mwanamisi hakucheka. Ni yeye aliyemvua mumewe kanzu nyeupe asubuhi ile asije akaichafua dukani, akampa lile shati. Tangu hapo hajathubutu kukigusa kifua kile, na sababu alimwambia bintiye peke yake.

Mwanamisi alichota kwa kata, akamimina josho la udongo, kisha la pili, la tatu.

"Shati kama lile umelijaribu?"

"Nimelijaribu."

"Na kanzu?"

Njia nzima Nasreen alikuwa akiuandaa uongo wake, tena mzuri: kwamba hata kanzu isingemwokoa. Lakini mama alikuwa akimsugua kidole kimoja kimoja, kama alivyomnawisha utotoni.

"Usinibembeleze, mwanangu."

"Kanzu ingemwokoa, mama. Si kote, ila sehemu kubwa."

"Nilijua," alisema Mwanamisi. Akamimina la nne na la tano huku machozi yakimtoka.

"Kumbe ndiyo unayoyabeba hayo?"

Zubeiri alikuwa amesimama mlangoni kifua wazi, taulo begani. Alikuwa amesikia yote.

"Mke wangu, siku ile mimi nilitoka kutia udhu. Mikono inachuruzika maji, nikaitia kwenye swichi iliyo wazi. Na fundi umeme Melkiory alishanikanya mara mbili! Niliona haya kukwambia."

"Miaka minane, Zubeiri!"

Mwanamisi akamrushia, na maji yote ya katani yakaishia kifuani mwake. Zubeiri alisimama vivyo hivyo akilowa. Mwanamisi akamtazama, akashika pindo la kanga yake, akamwendea, akaanza kumpangusa mstari mmoja mmoja, akianzia na ile ya makovu.

"Mama, na mimi?" Nasreen aliuliza, mikono bado ameinyoosha. "Yamebaki mawili."

"Ngoja kwanza," alisema mama yake, bila kugeuka.