Boga Lililokwenda Kumwita Kitindamimba

Kila asubuhi baada ya chai, mwalimu wa bustani aliwasukuma watu wake mmoja mmoja hadi kwenye matuta. Matuta ya kituo kile cha kutunzia wagonjwa yalijengwa juu ya matofali, usawa wa mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, ili asiyeweza kuinama naye achafue mikono.

Bi Cherehani alichafua mmoja tu. Alikuwa fundi wa nguo, ameuvisha mtaa mzima huku akiusema, mpaka kiharusi kilipomchukulia mkono wa kulia pamoja na ulimi, yaani ofisi nzima. Kitindamimba wake alimleta pale kwa wiki mbili. "Mama, nakuja kukuchukua," alisema. Tusidanganyane: mwaka ulikwisha, na wa pili ukaanza.

"Panda unachotaka, bibi," mwalimu alimwambia.

Akapanda mbegu moja ya boga.

Boga lilitambaa kwa adabu siku za mwanzo, halafu likaruka ukuta na kushika barabara. Kwenye njia panda lilisubiri magari yapite. Waendesha baiskeli walinyanyua magurudumu, wenye maduka wakalisogezea ndoo zao pembeni; kila mtu aliona lina haraka zake. Likafika kwa kitindamimba, likapanda dirisha la jikoni, likafungua ua moja la manjano.

Ua likasema kwa sauti ya Bi Cherehani, ile ya kabla ya kiharusi:

"Umekula, baba?"

"Nimekula, mama."

"Muongo wewe. Na kifungo cha shati kimekwenda wapi?"

Mke wa kitindamimba alicheka mpaka akashika meza. "Huyo ndiye mama mkwe wangu! Ingia ndani, mama, usisimame dirishani kama mdai."

"Mwanangu, unakuja kunichukua lini?"

Kitindamimba aliuvuta mmea taratibu, akaupitisha dirishani, akaliwekea ua kiti mezani. "Si umeshafika, mama? Twende wapi tena?"

Kesho yake alipiga simu kituoni. Mwalimu wa bustani alikuwa ameshapanga nguo za Bi Cherehani sandukuni, kwa kuwa aliona mmea unakoelekea.

"Msihangaike kumleta," kitindamimba alisema. "Huku yupo. Tunaongea naye kutwa."

"Na huyu niliye naye hapa?"

"Huyo endeleeni kumtunza. Mnamtunza vizuri, mpaka anaongea."

Mwalimu alimweleza Bi Cherehani yote bila kupunguza neno, kisha akazirudisha nguo kabatini. Jua lilikuwa kali. Bi Cherehani alinyoosha mkono wa kushoto kuomba kopo la kumwagilia, akamimina maji shinani polepole mpaka kopo likawa jepesi. Kule mezani, alivyomjua mwanawe tangu utotoni, hapakuwa na mtu wa kukumbuka kwamba ua nalo husikia kiu.