Bomba la Mwisho

Mama mkubwa ni fundi cherehani, na simu yake haipitwi na uzushi wowote. Mwezi ule uzushi ulikuwa wa maji: eti wakubwa wanatia dawa kwenye mabomba ili wanawake wasizae. Basi akaacha bomba, akawa anachota kwenye kisima nyuma ya vyoo, na mjukuu wake akamnywesha hayohayo. Mtoto akaharisha siku nne.

Mimi ndiye mpima maji wa mji huu. Nilikwenda kwake nimefura kwa hasira.

"Mama mkubwa, dawa hiyo haipo! Jirani zako watatu wana mimba, na wote wanakunywa bombani. Halafu mimi mwenyewe napima kila Jumatatu, natia sahihi."

Hakuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona. "Unachota wapi?"

"Uani kwetu ofisini, kwenye pampu."

"Kwani mimi nakaa kwenye pampu?"

Uso ulinishuka. Miaka sita nimekuwa nikichota hatua kumi kutoka mezani kwangu, kwa sababu aliyenifundisha kazi alichota hapohapo, kisha kwenye fomu naandika "mji mzima". Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa mvivu tu, na mkuu wangu alipenda karatasi safi.

Nikampa chupa achote mwenyewe. Bomba lake ndilo la mwisho mtaani, wala hakuniachia nishike hata kifuniko cha chupa. Nikatia kidonge cha kupimia. Maji yenye klorini hugeuka rangi ya waridi, haya hayakugeuka. Tukarudia mara tatu.

"Hiyo dawa ya uzazi ni uzushi," nikasema, "lakini ya kuua vijidudu, inayotakiwa iwemo, haifiki huku. Chemsha maji, ya bomba na ya kisima."

Akacheka hadi akashika mbavu. "Kumbe hata cha kututilia hawana!"

Mimi sikucheka. Nilimfikiria yule mtoto, na wengine wote waliokunywa kwa sababu ya sahihi yangu.

Asubuhi mkuu alisoma fomu yangu, akairudisha mezani. "Andika ya pampu kama siku zote. Ukiwatia watu hofu, kazi huna."

Niliogopa, sifichi. Hata hivyo nikaandika: "Bomba la mwisho, klorini hakuna. Chemsheni maji." Nikatia sahihi, nikaibandika kwenye ubao nje ya geti, watu wakajaa.

Mama mkubwa alifika na mjukuu mgongoni. Akavaa miwani, akasoma mpaka chini, kisha akaigusa fomu ya wiki iliyopita iliyokuwa bado pembeni.

"Sahihi hii ni yako?"

"Yangu."

"Na hii?"

"Yangu pia, Mama mkubwa."

Akanitazama kwa upole, akamweka mtoto vizuri mgongoni.

"Basi Jumatatu nakuja kushika chupa."