Mikono Miwili ya Kushoto

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa ameapa kwa sauti: kosa moja zaidi, na cherehani yake inaondoka. Hata wa kuichukua alikuwa naye chumba kimoja. Bi Vifungo, jirani yake wa meza, kazi yake ilikuwa kushona vifungo na matundu yake, na mashine yake mwenyewe ilikuwa kuukuu, inakata uzi kila baada ya shubiri.

Fundi hakuwa mwanamke wa kuapa ovyo, ila wiki ilikuwa imemwendea kombo. Jumatatu aliunguza suruali ya mteja kwa pasi, tena pale pa kukalia, mahali ambapo kiraka hakifichiki mtu akipanda ngazi. Jumatano alishona zipu juu chini. Na kila kosa alilipeleka moja kwa moja moyoni. Suruali imeungua? Basi yeye si fundi. Zipu imegeuka? Hajawahi kuwa fundi, ni bahati tu iliyombeba miaka kumi na minne.

Saa nane mchana alikuwa na gauni la wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa anaapishwa kesho yake kuwa wakili. Kitambaa wifi alikileta mwenyewe, na dukani kilikuwa kimekwisha. Fundi akapachika mkono wa kwanza, ukakaa sawasawa. Akashika wa pili. Akaugeuza. Akaugeuza tena. Kumbe alikata mmoja mmoja, na karatasi ya kukatia hakuipindua alipofika kwa wa pili. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Akaisukuma cherehani kando. "Ichukue," akamwambia Bi Vifungo. "Ibebe sasa hivi, nisiione tena."

Bi Vifungo akaja, akaangalia ile mikono. Hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza. Akalikusanya gauni na vipande vyake vyote, akatoka navyo nje, akafunga mlango, akabisha.

"Hodi! Fundi yupo?"

"Mama, acha mzaha wako, sina hali."

"Mzaha gani? Mimi mteja." Akaingia na kulitupa gauni mezani. "Kuna fundi huko kanivurugia nguo, na kesho naivaa. Nimeambiwa wewe ndiye wa kuiokoa."

Na kweli, nusu ya wateja wa Fundi walikuwa wa namna hiyo, waliokuja na machozi na nguo zilizoharibiwa kwingine. Hakuwahi kuwauliza ni fundi gani huyo. Swali lake lilikuwa moja tu, nalo likamtoka kabla hajalizuia:

"Kitambaa kimebaki kiasi gani?"

Akajisikia mwenyewe akiuliza. Wiki nzima alikuwa anajiuliza yeye ni mtu wa namna gani. Habari za kitambaa hakuwa ameziuliza.

Akavuta vipande. Kilikuwa kimebaki cha kutosha mikanda miwili ya kuzungushia mikononi. Mkono ule mbaya, ukikatwa upya kuanzia begani, ungekuwa wa kulia. Ungepungua upana wa vidole vinne tu, na ule wa kwanza ungepunguzwa ulingane nao. Akashika mkasi. Kwa saa mbili hakuwa fundi mzuri wala mbaya, alikuwa na kazi.

Wifi alipofika jioni akalivaa, akajitazama kwenye kioo, mbele na nyuma.

"Wifi, nilikosea," Fundi akasema. "Nilikata mikono miwili ya kushoto. Ndiyo maana imekuwa mifupi, ina mikanda."

"Afadhali! Mirefu yote huwa naichovya kwenye chai." Wifi akacheka mpaka akajishika kiuno, na Fundi naye akacheka, akashusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu Jumatatu. Jamani, raha iliyoje kukosea na bado kuwa mtu.

Alipomsindikiza wifi na kurudi, alimkuta Bi Vifungo anasukuma meza yake peke yake, anairudisha mahali pake. Asubuhi alikuwa ameisogeza hadi ukutani, kupisha mahali pa kuweka cherehani ya Fundi.

"Kumbe ulikuwa unaitaka kweli?" Fundi akauliza.

"Mno," akasema Bi Vifungo. "Hebu shika upande huo, meza nzito hii."