Fundo Asilolifunga

Cindy alipotoka mlangoni asubuhi ile, mkoba wake mpya ulimgonga goti, akacheka.

"Senje, mkoba huu ulinishonea mimi au ulimshonea twiga?"

"Vua niupunguze mkanda," Selpher akamwambia.

"Jioni. Pikipiki ya kunipeleka stendi inangoja." Cindy aliukunja mkanda juu ya bega, ukateleza, ukashuka palepale magotini. "Kukhu akiniona atasema nimekuja nikiburuta ng'ombe."

Alikuwa anakwenda Butali kumuaga Kukhu, nyanya yake. Jumatatu angesafiri kwenda Eldoret kuanza chuo cha uuguzi, na Selpher, senje yake, dada ya marehemu babake, alikuwa amemkaribisha Shirere ili wafanye ununuzi wa mjini pamoja. Mkoba ulikuwa zawadi ya safari. Ulikuwa pia kitu cha kwanza ambacho Selpher alikishona tangu wamzike Osiako, babake Cindy, mwezi wa nne.

Mlio wa pikipiki ulipopotea nyuma ya nyumba za wanafunzi, Selpher alibaki amesimama na mwiko mkononi. Kukosea upana wa kidole, sawa. Hata vidole vitatu, kwa mkono uliokaa muda mrefu bila kazi. Lakini mkanda kushuka hadi magotini? Alikuwa amempima msichana mwenyewe, amesimama hapo sebuleni, kutoka nyonga hii, juu ya bega, hadi nyonga ile.

Kazi ya Selpher ilikuwa kupika katika shule ya upili. Ngozi ilikuwa starehe yake, na aliyemvuta huko ni kaka yake. Osiako alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari, na siku za mapumziko alijifungia katika kibanda nyuma ya nyumba yao Butali na vipande vya ngozi ambavyo washona viatu wa sokoni waliviona vidogo. Yeye alikata, Selpher alishona. Walitoa mishipi, vifuko vya simu, majalada ya Biblia. Hawakuuza hata kimoja. "Ukimuuzia mtu, atakuuliza bei," Osiako alikuwa anasemanga. "Ukimpa, atakuuliza habari." Siku ya mazishi, Selpher aliinamisha kichwa ili asione jeneza, akajikuta anatazama viuno vya wanaume. Kila upande aliona mishipi ya kaka yake.

Osiako hakutumia tepu. Alikuwa na kamba ya katani iliyopakwa nta, yenye kitanzi mwanzoni. Akimpima mtu alifunga fundo, na zawadi ikishafika mikononi mwa mwenyewe, alilifungua. Hakuachanga fundo la mtu kwenye kamba. Baada ya mazishi, vitu vyake vilipogawanywa, wazee walisema vyombo vya ngozi aende navyo Selpher, na kamba aliikuta ikining'inia kwenye msumari wake kibandani kama kawaida.

Sasa aliitoa kwenye sanduku, akaivuta polepole kutoka kitanzini. Mahali fulani nta ilikuwa imekunjamana. Hapo palikuwa na fundo, likafunguka. Lilikuwa lake. Osiako alimsema kila mara kwa kufunga mafundo yaliyolegea. Akaendelea kuvuta. Mbele zaidi, vidole vyake vikagonga fundo jingine, gumu, lililosokotwa mara mbili, na doa la vanishi juu yake.

Fundo hilo hakulifunga yeye. Lakini ndilo alilolifuata alipokata mkanda, usiku ule umeme ulipokuwa ukipotea na kurudi, akidhani urefu unaozidi ni wa bizimu.

Selpher alikanyaga kitanzi kwa kisigino, akaivuta kamba juu kando ya mwili wake. Ilipita kiuno, ikapita bega. Ilipita kichwa chake, na fundo lilikuwa bado mkononi, juu. Katika ukoo wao mtu mmoja tu alikuwa amempita hivyo.

Alimpigia simu Phanuel, seremala jirani yao Butali.

"Fundi, samahani. Siku ile, kaka ulimpima na nini?"

Sauti ya randa ikanyamaza. "Kwa nini unauliza mambo hayo, dada?"

"Nijibu tu."

"Tepu yangu ilikatika. Na majeneza ya mjini yalikuwa mafupi kwake, unakumbuka. Tukachukua kamba yake ya kazi. Lakini usiwe na shaka, kamba iliyompima maiti haibaki na watu. Niliiweka miguuni pake mwenyewe."

"Uliiweka."

"Kwa mkono huu. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, fundi. Asante."

Selpher alikuwa mtu wa kanisa. Alijua la kusema juu ya mambo kama hayo, mchana, mbele ya watu. Lakini hapo hapakuwa na watu. Kamba ilikuwa imeingia kaburini, na kamba ilikuwa mezani pake. Na kwa kipimo cha maiti alikuwa amekata mkanda, akaupiga matundu, akaupaka mafuta ung'ae, akamvika mtoto wa pekee wa maiti huyohuyo. Na mtoto yuko njiani, kwenye barabara ileile ambako trela la miwa lisilo na taa lilimkuta babake.

Alimpigia Cindy. Simu ililia mpaka ikachoka. Akapiga tena. Akafunga kamba kwenye leso, akatoka bila kuzima redio.

Safari ya matatu kwenda Butali ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Kila trekta la miwa lilipotokea mbele aliangalia kwanza chini yake, kisha pembeni mwa barabara, kama kuna kundi la watu limesimama. Alipiga simu mpaka mama aliyeketi karibu naye akamwambia, "Dada, wacha huyo mtu, atakupigia akitaka."

Alipofika, mwendesha pikipiki mmoja wa hapo stendi alimtambua.

"Mama, unaenda kwa kina Osiako? Nimempeleka msichana wao. Ameanguka."

Selpher akashika usukani wa pikipiki. "Ameanguka vipi?"

"Akishuka. Mkanda wa begi ulishika kikanyagio, na mimi nilikuwa nishaanza kuondoka. Lakini aliamka mwenyewe."

"Aliamka?"

"Aliamka na akanitukana, nakuambia! Panda twende."

Cindy alikuwa ameketi barazani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, na nyanya yake, Mama Jescah, alikuwa akimuosha goti kwa maji ya chumvi. Damu ilikuwa imekauka kwenye soksi. Mkoba ulikuwa umelala sakafuni.

"Senje! Kwani obusuma wa Shirere umekushinda kula peke yako?"

"Kwa nini hushiki simu?"

"Iko ndani ya mkoba. Na mkoba nimeukasirikia."

Selpher aliketi kwenye ngazi. Kisha akauchukua mkoba, akauweka upande wake mwingine, mbali na msichana.

"Mama," akasema, "njoo kidogo."

Walizunguka nyuma ya nyumba, karibu na kaburi. Udongo ulikuwa umeshuka na majani mafupi yalikuwa yameanza kuota upande wa kichwani. Selpher alikuwa amepanga maneno njia nzima. Akafungua leso. Kabla hajatamka hata moja, mama yake aliinyakua kamba, akaikumbatia kifuani.

"Kumbe ni wewe!" Mama Jescah alinong'ona kwa ukali. "Nimeitafuta mpaka kwenye viota vya kuku. Nimewashtaki panya bure!"

"Mama, kamba hii ilizikwa."

"Nani alikuambia?"

"Phanuel aliiweka miguuni pake."

"Aliiweka. Nami nikaitoa, waliponiacha nimuage. Nikairudisha kwenye msumari wake, ndio mtu asiulize. Nilipokuja kuichukua, msumari mtupu."

Hofu aliyokuja nayo haikuwa na pa kukaa, lakini haikuondoka. "Ulijua haifai."

"Nilijua. Ungenisikia nikimwambia mtu?" Mama Jescah alinyoosha mkono wa kushoto, akagusa kiwiko, kisha ncha za vidole. "Nilipomzaa alikuwa hivi. Nilimpima kwa mkono huu nikicheka. Baadaye kwa mlango, alama ziko mpaka leo. Alipopita mlango nikaacha. Siku ile nikaona wameuweka urefu wake wote pale miguuni, wanataka kuufukia pamoja naye. Nikasema, huu mniachie."

Upepo ulileta harufu tamu ya kiwanda. Selpher alitazama chini.

"Mama, sikujua. Nimemkatia Cindy mkanda kwa hilo fundo."

Mama Jescah aliacha kuikumbatia kamba. Akaishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika kitu chenye moto, akageuka kutazama upande wa baraza. Kwa mara ya kwanza Selpher aliona kwamba mama yake pia anaogopa, na hilo likamtisha kuliko kamba.

"Ule uliomwangusha?"

"Ule."

"Ulete hapa. Na kisu."

Selpher alileta mkoba pamoja na vyombo vyake, vile ambavyo hakuvikosa kamwe katika pochi. Alikata nyuzi alizozishona mwenyewe, tundu moja baada ya jingine, mpaka mkanda ukabaki peke yake. Akaulaza kwenye nyasi. Mama yake akainama, akanyoosha kamba kando yake, kitanzi kwenye bizimu. Ncha ya mkanda ilifika kwenye fundo, haikuzidi wala haikupungua.

Mama Jescah alipitisha kiganja juu ya ngozi kutoka mwanzo hadi mwisho. Akarudia, polepole zaidi. Alipofika kama kwenye kimo cha bega, mkono ulisimama kidogo.

"Hii haijamgusa maiti?"

"Haijamgusa. Ni ngozi aliyoinunua mwenyewe Krismasi. Nilikuta ameikunja kwenye sanduku."

"Ni ngozi tu."

"Ni ngozi tu, Mama. Imekatwa urefu wake."

Bibi kizee akauviringisha mkanda, akautia chini ya kwapa, na kumnyooshea binti yake kamba. "Basi hiyo irudi kwa mwenyewe. Lete jembe."

"Tusiizike na fundo," Selpher akasema. "Yeye hakuachanga fundo."

Fundo la Phanuel lilikuwa limekazwa na mtu aliyezoea mbao. Selpher alijaribu kwa kucha. Mama Jescah alijaribu kwa meno aliyobakiwa nayo, akatema nta. Mwishowe Selpher akachukua chuma cha kutobolea ngozi, akaingiza ncha yake katikati ya msokoto, akaisukuma taratibu, asije akaikata kamba. Msokoto ulikubali, ukalegea, ukafunguka. Kwenye nta ilibaki alama iliyopinda.

Walichimba shimo dogo upande wa miguuni. Mama Jescah aliomba kwa Kikabras, kwa sauti ndogo, na Selpher hakuyashika maneno yote.

"Mnapanda nini huko?" Cindy akaita kutoka barazani.

"Vitunguu!" nyanya yake akajibu, akifukia kwa mguu.

Waliporudi mbele, Mama Jescah aliingia chumbani moja kwa moja. Kupitia mlango uliokuwa wazi Selpher alimwona akiulaza mkanda kitandani, kuanzia kwenye mto kwenda chini, kisha akaketi pembeni mwa kitanda na kuegemeza mkono hapo.

"Sasa na mkoba wangu?" Cindy akauliza. "Nitaubeba kichwani kama debe?"

"Simama. Nikupime."

Msichana alisimama kwa mguu mmoja, akajishikilia kwenye nguzo. Selpher hakutaka kamba yoyote. Alichukua pembe ya leso yake, akaipitisha kutoka nyonga, juu ya bega, hadi nyonga ya pili, na hapo akafunga fundo. Akalikaza. Akalikaza tena.

"Senje, ni mkoba, si mbuzi wa kufungwa."

Siku ya Jumapili, baada ya ibada, alikata mkanda mpya kutoka kwa kipande kilichobaki. Kabla ya kukata alipima, akaenda kunywa maji, akarudi akapima tena.

Jumatatu asubuhi gari la Eldoret liliondoka na Cindy akipunga mkono dirishani, mkoba umemkaa kiunoni vizuri. Selpher aliwahi kazini, akapika, akapakua, akachoma vidole mara mbili kwa sufuria asiyoiangalia. Kwenye mfuko wa aproni alikuwa na simu, na leso ameifunga kiunoni, fundo bado lipo.

Simu ilipolia, alitoka jikoni nusura ampige mwenzake kikumbo.

"Senje, nimefika. Nimepata kitanda cha juu. Mkoba umenikaa sawa kabisa, kuna msichana hapa anauliza ni wa bei gani."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia hauna bei. Sasa anataka habari zake, na mimi sijui nianzie wapi. Mbona unapumua hivyo?"

"Napika."

Hakuwa akipika. Alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya stoo ya kuni, leso imetandazwa mapajani. Alianza kulifungua fundo. Lilimchukua muda, kwa maana safari hii alikuwa amelifunga vizuri.