Kitunguu Saumu Unyayoni

Baba ni fundi wa kupaka vanishi. Makabati, vitanda, milango. Jioni akimaliza kazi ananawa mikono kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, kama wengine wanavyonawa kwa maji. Halafu kichwa kinamgonga mpaka alale. Siku hizi mkono wake wa kulia unatetemeka. Juzi mteja alirudisha mlango wa kabati, eti ukingo umepakwa na mlevi.

"Uzee huo," mama akamwambia.

"Uzee uko kwako. Mimi bado kijana."

Nikasema ni tina. Nilisema polepole, macho kwenye sufuria.

"Hebu rudia mwanangu, sufuria haijasikia."

Nikarudia. Akacheka. "Kwani nainywa? Ngozi ni koti la mvua. Kila siku naoga, umeshaona nimejaa maji?"

Nikamwambia maji hayapiti kirahisi kwa sababu ngozi kwa juu ina mafuta, na maji na mafuta hayapatani. Chembe kubwa nazo zinakwama nje. Lakini chembe ndogo, tena inayopatana na mafuta, inajipenyeza mpaka kwenye damu. Na tina ndiyo hivyo, ndogo na rafiki wa mafuta.

"Umeiona ikipita?"

Sikuwa nimeiona. Nikaenda kuchukua kitunguu saumu, maana harufu yake nayo ni chembe ndogo na rafiki wa mafuta.

Nikakiponda, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki. Baba akaingiza mguu, nikafunga mfuko kwa mpira, nikakaza harufu isitoke. Akakaa kwenye stuli mlangoni karibu saa nzima, anamtania kila anayepita.

"Jirani, karibu. Binti yangu ananitia viungo, usiku naliwa."

"Wewe na ugumu wako huo?" jirani akajibu. "Watamaliza gesi bure."

Baba akafungua mdomo amjibu. Akazungusha ulimi.

"Nani kaniwekea kitunguu kwenye chai?"

"Chai yenyewe bado iko jikoni," mama akasema.

Akasukutua maji, akatema. Akasukutua tena. "Bado kipo." Akaukagua mfuko. Mpira ulikuwa pale pale. Kisha akaigeuza mikono yake, akaitazama viganja, akaitazama kwa nyuma.

"Kwa hiyo miaka yote hii..."

Nikamvua mfuko, nikamwosha mguu kwa sabuni. Unyayo ulikuwa mwekundu kidogo.

Kesho yake jioni alifungua kopo la tina kwa mazoea, akalifunga. Akaomba mafuta ya kupikia na sabuni. Vanishi ilikuwa inatoka kwa shida, akasugua mpaka mama akapiga kelele kwamba hayo mafuta ni ya chakula, si ya mafundi.

Mkono bado unatetemeka. Sijui kama utaacha. Leo kapaka mstari mmoja kwenye kipande cha mbao, akaniita.

"Sema ukweli."

"Umepinda."

"Sana?"

Nikainama, nikauangalia tena kutoka pembeni.

"Kidogo," nikasema.

Akachukua kipande kingine.